Kuku Bado Mdogo

Mtani,

Hali yako sikuulizi. Mara ya mwisho tulipokuwa pamoja nilishika kamba ya upande wa miguu, kwa hiyo najua vizuri tulikuweka wapi. Ya kwangu ndiyo nataka kukupa. Mimi mzima, uzito ni uleule uliokuwa unautangaza mbele za watu, na duka la vipuri vya baiskeli hapa Nyakato ya Musoma bado nafungua kila asubuhi, isipokuwa Jumamosi. Jumamosi si yangu tena. Jumamosi ni yako, nami niko ndani yake kama panya kwenye debe.

Ulivyokufa hukuwa na adabu, nikwambie ukweli. Mtu mwenye safari ya Jumamosi hafi Jumatano. Ulinipigia mchana ukanitukana kidogo, kawaida yako, ukasema kichwa kinauma, presha hiyo, utalala. Ukalala kweli.

Basi tukaja msibani, na kazi yangu niliijua bila kuambiwa. Koo zetu ni watani tangu huko, na wewe mwenyewe ulinionyesha inavyofanywa baba yangu alipofariki. Ulivaa gambuti zake na kofia yake, ukazunguka uwanja ukikohoa kikohozi chake, ukamkaripia mama yangu kwa sauti ya baba kwamba mboga haina chumvi. Mama alikuwa hajagusa chakula tangu msiba uingie. Akacheka akashika mbavu, akaomba uji. Kisha ukagoma kuvua gambuti mpaka wafiwa wazikomboe kwa jogoo, na jogoo ukapewa jua halijazama. Ndivyo inavyokuwaga. Mtani anashika kitu cha marehemu, wafiwa wanakikomboa, anavua, anakwenda zake. Sharti lake unalijua: mtani halii. Akilia kabla hajakombolewa amepoteza yote, anarudi kwake mikono mitupu.

Mimi nikachagua koti. Lile koti la Mrusi, la sufu, rangi ya majivu, zito kama godoro lililonyeshewa, ulilorudi nalo kutoka Urusi walikokupeleka kusomea ufundi wa matrekta ungali kijana. Ulilivaa kwenye kila safari yako ya kutembeza wageni, jua la Musoma likikupika ndani yake, ukisema ni ushahidi. Nililivaa. Halikufunga mbele, watu wakaanza kucheka kabla sijasema neno.

Hapo ndipo nilipokosea, mtani. Ningekuiga kidogo nikanyamaza. Lakini nilikuwa nimesikia safari yako mara nyingi mno. Ulikuwaga unaifanyia mazoezi dukani kwangu, umeegemea rafu ya matairi, nami nakurushia maneno. Na mara ngapi ulinipakia kiti cha nyuma kwenye Hiace ya dereva wako Bwire kwa sababu kiti kilikuwa wazi na wewe ulihitaji mtu wa kumcheka? Maneno yako yote yalikuwa yameniingia, hata pale unapovuta pumzi. Basi nikawatembeza waombolezaji. Choo chako kikawa boma la Mjerumani. Tangi la maji likawa trekta. Upenyo kati ya jiko na ua ukawa pango. Watu walinifuata uwanja mzima, akina mama wameshika vitenge midomoni, na mkeo, aliyekuwa amekaa mkekani hata kope hazimchezi, akaanza kutikisika mabega. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka.

Sasa kumbe kwenye watu wale alikuwemo mwalimu mkuu wa shule moja ya Bunda, mwenye safari yako ya Jumamosi. Alikuja kutoa pole na kujua hatima ya wanafunzi wake. Aliponiona nazungumza na tangi la maji Kirusi, akaenda moja kwa moja kwa mkeo akamwambia, "Mama, pole sana. Kumbe mzee ameacha mtu."

Mkeo akanitazama. Akasema, "Ameacha."

Neno moja tu, mtani. Nilikuwa nimesimama pale na koti lako, jasho linanitiririka. Bwire, dereva wako asiyejua kufariji wala kubembeleza, akanigonga begani: "Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, mzee. Mwenzako alikuwaga hachelewi." Alikuwa anadanganya. Wewe ulichelewa kila mara.

Nikamfuata mkeo kuomba kukombolewa. Sikuomba mbuzi, niliomba kuku tu, niondoke. Akasema, "Kuku bado mdogo, shemeji. Subiri akue kidogo."

Nikasubiri. Jumamosi ikafika, nikapita kwenu, koti limetundikwa msumarini pale sebuleni, nikalivaa kwa sababu sheria ni sheria: asiyekombolewa hajavua. Nilipotoka getini nikajikuta nasema neno lako, "Haya, twende tukawaone waliotutangulia." Sikupanga kulisema. Lilitoka lenyewe, na sauti ikiwa yako.

Kuanzia siku hiyo, mtani, sikutoka humo kwa miezi.

Nisikilize nikwambie ilivyokuwa. Tunaanza bomani Musoma. Nasimama mbele ya kuta za Mjerumani, nanyoosha mkono kama wewe. "Mjerumani alijenga hapa akijua atakaa milele. Mnamwona?" Wageni wanasema hatumwoni. "Basi twendeni." Wanacheka palepale walipokuwa wanakuchekea wewe. Tunakwenda Bugwema, kwenye shamba la zamani la ujamaa, tunalikuta trekta la Mrusi limekaa kwenye nyasi, kutu tupu, mbuzi wamelala kivulini mwake. Nalivulia kofia. Nalisalimia, "Zdrasti, komredi." Nawaambia walikuja Warusi wawili, mmoja mrefu, wa pili mrefu zaidi, wakafundisha kijiji kizima, na kwa kuwa lilikuwa trekta la kila mtu, lilipoharibika kila mtu alimwangalia mwenzake. Halafu, Mungu anisamehe, nafika pale unaposema, "Mimi nilipokuwa Urusi, theluji ilinifika hapa." Nashika kiuno. Mimi, mtani! Mimi niliyefika Mwanza nikaumwa na safari.

Siku moja mwanafunzi mmoja akaniuliza Urusi tulikuwa tunakula nini. Nikajibu, "Viazi." Akauliza na nini. Nikasema, "Na viazi." Bwire alilazimika kwenda nyuma ya gari kuchekea huko.

Butiama ndipo ninapopumzika. Makumbusho wana wenyeji wao wa kuwatembeza wageni, na hapo ndipo mahali pekee hata wewe ulipokuwa unafunga mdomo. Nakaa nje kwenye ukingo uliokuwa unakalia, kofia magotini, natazama ile milima ya mawe. Kwa muda ule sina haja ya kuwa wewe. Shida ni kwamba sijui niwe nani. Nakaa tu mpaka wageni watoke, nasimama, nasema "Haya," na lile "Haya" ni lako.

Nyumbani nako si salama. Kuna jioni niliomba chumvi mezani, mke wangu akaweka kijiko chini. "Mimi niliolewa na Masatu," akasema. "Huyu mwenye sauti ya Mafuru arudi kwao Jumatatu mpaka Ijumaa." Nilicheka. Usiku, kabla usingizi haujaja, nilijaribu kusema jina langu kwa sauti yangu. Sikuwa na hakika nimeipata.

Na kuku? Kila nikirudisha koti msumarini jioni nauliza. Kuku bado mdogo. Baadaye, kuku ameanza kutaga, huwezi kumtoa anayetaga. Baadaye, anaatamia. Baadaye, ana vifaranga, nikikupa wewe nani atawalea, shemeji, au utawanyonyesha? Nilidhani ni utani, nami nikajibu kwa utani, nikamwambia kwa mwendo huu nitakombolewa na kitukuu cha kuku. Akacheka. Lakini niliona kila Jumamosi jioni analichukua koti mikononi mwangu kabla sijalifikisha ukutani, analipangusa vumbi kwa kiganja, polepole, na hanitazami.

Sasa nakuja kwenye kilichotokea. Kaa vizuri.

Mwezi uliopita tulikuwa na kwaya ya akina mama kutoka Bunda. Unawajua, uliwahi kuwatembeza. Mwenyekiti wao ni yule mama mwenye sauti nzito anayesimamia watu kama anapanga magunia. Boma lilipita salama. Trekta lilipita salama. Makumbusho nikapumzika. Tukapanda kile kilima cha mbele, kwenye ukuta wa mawe wa watu wa kale, uliopangwa jiwe juu ya jiwe bila hata donge la udongo. Nikaeleza, kwa maneno yako, jinsi walivyojificha humo na ng'ombe wao adui alipokuja. Vizuri. Halafu tukafika kwenye mwanya.

Nikukumbushe kwamba sijawahi kupita kwenye mwanya ule. Wewe ulikuwa mwembamba kama spoku ya baiskeli. Ulikuwa unajitosa kati ya yale mawe mawili unasema, "Hapa walipita waliotuzaa, tukutane ng'ambo," unapotea, unaibukia juu ya jabali, kofia mkononi, wageni wanashangilia. Mimi kila safari nilisema kuna nyuki. Nyuki wangu walinisaidia miezi mingi.

Mwenyekiti akatega sikio. "Nyuki gani? Mbona kimya?"

Nikasema wamelala.

"Baba," akasema, "sisi tulikuja mwaka ule, mzee wa koti alipita hapa tukamshangilia. Nimewaambia hawa wote njiani. Na wewe si ndiye wa koti? Pita."

Wengine wakadakia, pita, pita, na makofi juu yake. Ningefanyaje? Ningesema mimi siye, koti lingekuwa la nani? Nikavuta tumbo. Nikasema, "Hapa walipita waliotuzaa, tukutane ng'ambo." Nikaingia.

Kichwa kilipita. Bega moja likapita. Hatua chache ndani, jiwe likanishika kifuani na jiwe jingine likanishika mgongoni, na koti lako, mtani, koti lako likajikunja kwapani likawa kama kizibo. Mbele sikwenda. Nyuma sikurudi. Mkono mmoja uko juu, mwingine uko chini, pua yangu iko kwenye jiwe lenye harufu ya popo. Nikajaribu kupumua, nikagundua pumzi inaingia nusu.

Nje wakashangilia. Walidhani ni sehemu ya maonyesho.

"Ametulia," mmoja akasema.

"Anaomba."

"Amenasa huyo, mimi nimeona kisigino kinarusha mateke."

"Mpakeni mafuta."

"Yapo ya nywele tu."

"Jamani, waliotuzaa walikuwa wadogo hivi?"

Nami humo ndani nilikuwa na neno lako tayari. Nilikuwa nalo kabisa, nikijua ungesema nini ungenasa: ungesema tulieni, babu wa ukoo ananiuliza mmelipa kiingilio. Nikafungua mdomo niliseme. Halikutoka. Kwa mara ya kwanza tangu nivae koti lile, nilikuita ukakataa. Ilibaki giza, na jiwe, na sufu inanichoma shingoni, na harufu yako ndani ya kola, ile ya sigara za kuficha na mafuta ya taa. Mkeo alikuwa hajalifua. Miezi yote ile nimelivaa sikuisikia harufu hiyo kwa sababu nilikuwa nazungumza. Nilinyamaza ndipo nikaisikia.

Nikasema, "Mimi siye."

Wakacheka.

Nikasema tena, na sauti niliyoisikia ilikuwa nyembamba, ina mtetemo, sauti ya muuza vipuri vya baiskeli. "Akina mama, mimi siye. Yule aliyepita hapa alikuwa mwembamba. Alikuwa anaitwa Mafuru. Amekufa. Mafuru amekufa, na mimi ni mtani wake tu, na koti hili hawajanikomboa."

Halafu nikalia. Nililia, mtani, kama ng'ombe aliyeachwa zizini, uso kwenye jiwe, sina hata mkono wa kujifuta. Sikulia makaburini, sikulia siku ya kuondoa matanga, na nimekuja kulia ndani ya mwanya mbele ya alto na soprano.

Nikasikia hatua zinakaribia nyuma yangu. Sauti ya mwenyekiti, sasa ya chini kabisa, ikasema, "Pole, baba. Vua koti."

"Siwezi kuvua, mama. Sijakombolewa."

"Nimekuelewa. Mimi nami nina watani. Vua, tutakushuhudia."

Nikainua na mkono wa chini, wakanishika miguu, wawili huku na wawili huku, Bwire kiunoni, wakanivuta. Mimi nikarudi nyuma, koti likabaki limeng'ang'ania mawe, nikalitoka kama mtoto anavyovuliwa shati kichwani. Nikaanguka kwenye mapaja ya kwaya nikiwa na fulana yangu yenye tundu. Hakuna aliyecheka. Mmoja wao akanifunika kanga mabegani. Bwire akakata fimbo akalichokoa koti. Lilikuwa limechanika mgongoni, kutoka kolani mpaka katikati.

Njia yote ya kurudi nililipakata. Hesabu yake ilikuwa mbaya pande zote. Mtani amelia kabla ya kukombolewa. Na kitu cha marehemu alichokishika amekiharibu. Kwa sheria zetu nilikuwa nimekwisha, na mbele ya mkeo nilikuwa nakwenda kusimama jioni ileile.

Nilimkuta uani anachambua mchele. Nikasimama. Nikasema, "Shemeji, nimelia. Na koti limechanika."

Akaweka ungo chini. Akalichukua koti, akalifungua, akapitisha mkono kwenye mchaniko, vidole vikatokea upande wa pili. Akavitazama kama si vyake. Akauliza, "Ni wapi?"

"Kwenye mwanya."

"Ulipita?"

"Kichwa tu."

Akacheka, halafu kicheko kikageuka. Alilia akiwa amesimama, koti limemfunika uso. Mimi nikatazama vifaranga wanavyokula mchele wake. Alipopata pumzi akaniambia jambo ambalo nakuletea kama alivyolisema, maana ni lako. Alisema, "Kila Jumamosi asubuhi nakusikia pale getini na lile neno lake. Najiambia ametoka, jioni atarudi. Nikikupa kuku, koti linarudi ndani na yeye hatoki tena. Ndiyo maana kuku alikuwa mdogo, shemeji."

Nikamwambia, "Na mimi nilikuwa simo ndani ya mwili wangu mwenyewe, nilikuwa nje nikimtafuta mtu wa kunifungulia."

"Ndiyo. Nilikuwa naona."

Akaingia bandani, akatoka na mtetea mwenyewe, mweusi, mnene, amekasirika. Nikasema sheria inasema aliyelia hapewi. Akanisukumia kifuani. "Sheria za kwenu na Mafuru zizikwe na Mafuru. Shika mbawa vizuri." Koti akalikunja, akaingia nalo ndani. Msumari niliuona mtupu kupitia mlangoni, nikaondoka upesi.

Nilitembea Nyakato nzima nina kuku kwapani na fulana yenye tundu. Watu wakanisalimia, nikawajibu. Sauti ilikuwa yangu, mtani. Mbaya kidogo, imesahaulika, lakini yangu.

Ungedhani basi, nimefunguliwa, Jumamosi nalala. Mimi pia nilidhani. Ijumaa iliyofuata Bwire akapita dukani akasema kuna walimu wa chuo wanataka safari, je awaambie hapana? Nilikuwa na tairi mkononi. Nililirudisha rafuni, naye akaanza kugeuka. Nikamwambia aje saa kumi na mbili.

Nilikwenda na shati langu la mikono mifupi. Getini kwenu sikusema neno lako. Nilimsalimia mkeo tu, akaitika. Bomani nikasahau mistari nusu, nikawaambia wazi nimesahau. Kwenye trekta nikasema, "Rafiki yangu alikwenda Urusi, alisema theluji ilimfika hapa, mimi sijui, sijawahi kuiona." Wakacheka zaidi kuliko siku zote, sijui kwa nini. Trekta nililisalimia kwa Kirusi, nikalitajia kwamba ni salamu zako.

Kwenye mwanya nikasimama nje. Uzi wa sufu ya kijivu bado umening'inia kwenye jiwe. Nikawaambia, "Rafiki yangu alikuwaga anapita hapa. Mimi sienei."

Mmoja akauliza, "Alikuwa nani?"

Nikawaketisha kwenye mawe, nikaanza tangu mwanzo.

Kuku sijamchinja, na simchinji, nakuahidi. Ameanza tena kutaga, kwenye kasha la minyororo ya baiskeli, na mayai ya kwanza nimepeleka kwenu. Huo mwanya nao nakuahidi: kila nitakayempandisha kilima kile atalisikia jina lako nikiwa nimesimama nje, kwa sauti hii hii mbovu. Wewe uko ng'ambo. Ulisema tukutane. Usiwe na haraka, mtani, ninavyopungua unene mimi unanijua.

Lala salama, na jirani zako hapo uwaache walale.

Wako asiyeenea,
Masatu